Swali Lililojibiwa Matulo

Mwalimu Nasimiyu alikufa Jumatatu. Ninaliandika neno hilo lilivyo, na najua wako watakaokunja uso. Kwenye kundi letu la simu, sisi tuliowahi kukaa mbele yake na kalamu mdomoni, hakuna aliyethubutu kulitumia. Mmoja aliandika kwamba ametutangulia, mwingine kwamba amepumzika baada ya safari ndefu, wa tatu akaweka mshumaa na mikono miwili iliyofumbatana, akatoroka. Mimi nilikuwa jikoni kwangu hapa Kitale nikichemsha maziwa. Nilisoma zile jumbe moja baada ya nyingine mpaka maziwa yakafurika na kuzima moto. Nilipanguza jiko, nikaweka mengine, nikayasahau tena. Tangu siku hiyo sijatulia. Naingia chumbani kuchukua kitu na kusimama katikati ya sakafu bila kujua nimefuata nini.

Siku ya pili Wafula alinipigia. Wafula ni mtoto mkubwa wa mzee aliyemwoa Mwalimu ukubwani, mgane mwenye watoto wake tayari, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Ni mtu wa heshima, huzungumza polepole kama anayevuka mto kwa mawe. "Shikamoo, Madam Wambui. Tumekuweka kwa programu uongee kwa niaba ya wanafunzi. Kidogo tu, watu ni wengi." Kisha akanisomea wasifu wa marehemu ili nirekebishe Kiswahili. Ulikuwa mzuri, mpaka alipofika mahali pa watoto. "Ingawa Mungu hakumjalia tunda la tumbo lake, alitulea sisi kama wake." Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwuliza, "Na Nekesa?" Nikasikia watu nyuma yake wakibishana juu ya sufuria. "Huyo tuliongea kwa kamati," akasema. "Alizaliwa kabla mama hajakuja kwetu. Wazee wanasema tusichanganye watu. Si kwa ubaya, Madam. Tumetumia lugha ya adabu." Lugha ya adabu! Nilimwambia nitafika, nikakata simu kabla sijasema neno lisilo na adabu.

Kwa hiyo nilikuwa na siku chache za kuamua kama nitasimama mbele ya jeneza la mwanamke huyo na kuiacha sentensi ile ipite. Ili mtu aelewe kwa nini sentensi moja ya upole ilininyima raha, lazima nieleze mwaka niliokaa nyumbani kwake Kimilili. Habari za kwetu nitaziruka. Waliotoka Nyeri wakaja kulima mahindi Trans-Nzoia ni wengi, na wakianza kusimulia hawanyamazi. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne na kuanguka Kiswahili, nikataka kuwa mwalimu, na chuo hakikunitaka na alama ile. Mwalimu Nasimiyu alikuwa rafiki wa shangazi yangu tangu chuoni. Alisema nije nirudie darasa katika shule aliyofundisha, nilale kwake. Kitanda, alisema, kipo.

Kitanda kilikuwa cha Nekesa, binti yake wa pekee, aliyekufa kwa malaria Desemba iliyotangulia akiwa na umri wangu. Hilo niliambiwa na shangazi, si na Mwalimu. Niliwekewa shuka safi, na sweta ya shule yenye jina la Nekesa lililoshonwa kwa uzi mwekundu ndani ya kola. Niliivaa mwaka mzima. Uzi ule ulinikwaruza shingoni kila nilipoinama kuandika, na sikuwahi kuthubutu kuutoa.

Nyumba yenyewe haikukaa mahali pamoja. Nasema hivyo kwa sababu kila Jumamosi Mwalimu aliyahamisha makochi. Wiki hii meza iko karibu na dirisha, wiki ijayo iko mlangoni na kabati limegeuzwa uso ukutani. Vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono vilitolewa, vikafuliwa, vikapigwa pasi, vikarudishwa juu ya viti vilivyohama. Nilikuwa na michubuko kwenye magoti yote mawili kwa sababu kila nilipouzoea mpango mmoja, mwingine ulikuwa umeshaanza. "Kaa chini, Mwalimu," ningemwambia. "Nimekaa," angesema akiwa amesimama. Alikula kwa kusimama pia, sahani mkononi, akitazama nje. Mimi nilikaa na mrenda wangu, mboga ambayo kwetu hatukuijua, na ambayo siku za kwanza iliteleza kooni kabla sijaamua kama naimeza. Alinicheka kwa hilo. Kicheko chake kilikuwa kifupi, na baada yake alitazama kiti cha pili kana kwamba kuna mwenzake wa kucheka naye.

Majirani nao walizungumza kwa kuzunguka. Mama Sitati, wa upande wa pili wa ua, alikuwa na sauti ya kufika sokoni, lakini akifika kwenye jambo lile aliipunguza. "Tangu mambo yale," alisema. "Yule wetu aliyetangulia." Hata jina la mama lilibadilika. Zamani, niliambiwa, mtaa mzima ulimwita Mama Nekesa, kama ilivyo desturi ya kumwita mwanamke kwa mtoto wake wa kwanza. Baada ya mazishi hakuna aliyetaka kulitamka jina la marehemu usoni pa mama yake kila asubuhi pamoja na salamu. Bila mkutano wowote, wakaanza kumwita Mwalimu. Alikuwa mwalimu kweli, kwa hivyo hakuna aliyedanganya.

Masomo yangu yalifanyika mchana baada ya shule, tukichambua maharagwe kwenye ungo. Mimi nilijiona bingwa. Nilikuwa nimekariri tamathali zote za usemi na fasili zake, na ukinipa shairi ningeziokota kama mtu anayeokota mawe kwenye hayo maharagwe. Hii tashbihi, hii sitiari, hii takriri. Mwalimu alinisikiliza siku ya kwanza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa najua kwa nini ulianguka." Nilikasirika sana. Alisema mimi nilikuwa kama karani wa mlangoni, ninaandika majina ya wanaoingia bila kuuliza wamefuata nini. Wakati huohuo Mama Sitati akapaza sauti kutoka kwa ua wake: "Woi, hii mvua ya jana imetumariza kabisa, bana! Hakuna mtu atapika leo!"

"Hiyo ni nini?" Mwalimu akaniuliza.

"Chuku. Ametia chumvi. Mvua haiwezi kummaliza mtu."

"Nimekuuliza jina? Kazi yake ni nini? Anataka nini?"

Nilifikiri. Ilinichukua muda wa aibu. "Anataka kuni kavu."

"Basi mpelekee."

Nilipeleka mzigo wa kuni. Mama Sitati aliupokea akasema, "Nani amekwambia nina shida?" lakini alikuwa ameshafungua mlango kabla sijabisha. Kuanzia hapo masomo yetu yalikuwa hayo. Mahubiri, matusi ya makondakta, matangazo ya redio ya mbegu za mahindi, malalamiko ya mwalimu mkuu, vyote vilipita kwenye ungo. Kazi yake ni nini? Anayesema hivi anataka nini, anaficha nini, anaogopa nini? Nilianza kuchoka na watu. Sikuweza tena kusikia mtu akisema "nimekumiss sana" bila kutafuta anataka nini kwangu. Nilipomwambia hivyo, Mwalimu alisema kwamba huo ndio ugonjwa wa mwanzo na utapoa. Haujapoa mpaka leo.

Jambo moja lilinisumbua. Tulikuwa tukifuata kitabu, sura kwa sura, na tulipofika kwenye tafsida, ile ya kulainisha neno lenye makali, alifunga kitabu. "Hiyo utaisoma mwenyewe. Ni rahisi." Akainuka, akaenda kusukuma kochi, na haikuwa Jumamosi. Nilijua sababu. Kila mtu angeijua. Lakini nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane ninayelala katika kitanda cha marehemu na kuvaa sweta yake, na hakuna aliyekuwa amenipa ruhusa ya kujua. Nilikuwa nikimsikia jioni, akizungumza na ukuta au na sufuria: "Weka chumvi kidogo, mama, huyu wa Kitale hapendi chumvi." Hakuwa akizungumza na mimi. Nilitamani atoe kilio kimoja kikubwa nyumba ianguke, kisha makochi yatulie. Niliogopa pia kwamba siku moja atageuka na kuniita kwa jina lisilo langu, na kwamba nitaitika.

Likizo ya Agosti mjomba wake mmoja alizikwa Matulo, mzee wa kuheshimiwa sana, na siku chache baada ya mazishi tukaenda kwenye kumuse. Wabukusu wanaijua. Wasioijua, ni hotuba ya kuwaliwaza waliofiwa, na haitolewi na kila mwenye mdomo. Mnenaji hutoka katika koo zenye kazi hiyo. Huvaa joho, hushika fimbo, watu hukaa chini huku na huku wakimwachia njia katikati, naye hutembea akienda na kurudi huku akinena. Akiwa ananena hakuna anayeinuka, hakuna anayekatiza mbele yake, hakuna anayezungumza. Hayo yote Mwalimu aliniambia njiani. Labda nilisikia. Nilikuwa nimekulia kando ya watoto wa Kibukusu na lugha yao niliifahamu vizuri, kwa hiyo akili yangu yote ilikuwa kwenye karamu ya tamathali niliyoiendea. Tena Mwalimu mwenyewe alikuwa ameniambia nije na masikio.

Na kweli ilikuwa karamu. Yule mnenaji alikuwa mwembamba, mguu mmoja mzito kidogo, na alianza kwa sauti ya chini hivi kwamba umati mzima uliinamia mbele. Aliunena ukoo wa marehemu tangu walipoteremka mlimani, akarudiarudia jina la mto mmoja mpaka nikahisi baridi ya maji miguuni. Takriri, nilisema moyoni, na kazi yake ni kututuliza. Akakipa kifo miguu, akakitembeza nyumba kwa nyumba kama mgeni asiyekataa chakula. Tashihisi, na kazi yake ni kutuonyesha kwamba hatukuchaguliwa sisi peke yetu. Nilikuwa na furaha isiyofaa mahali pale. Kisha alisimama karibu kabisa na sisi, akageuka polepole, akauliza kwa sauti kubwa: "Ni nani hapa ambaye hajawahi kuzika mtu wake? Asimame nimwone!"

Nikasimama.

Mtu aliyelelewa katika kanisa la kwetu Kitale atanielewa. Kwetu mhubiri akiuliza, unajibu. Akisema wageni wasimame, unasimama, hata kama ulikuja Jumapili iliyopita. Kunyamaza ni kumfanya mtu wa Mungu aonekane anaongea peke yake. Nilikuwa nimefunzwa hivyo kabla ya kujua kusoma, na miguu yangu haikungoja kuniuliza kama hili lilikuwa swali la balagha. Ningeweza kulifasili swali la balagha hata nikiwa usingizini: swali lisilohitaji jibu. Nilisimama wima katikati ya umati uliokaa chini, katika sweta ya Nekesa, na nikasema kwa Kibukusu chenye lafudhi ya Nyeri, "Ni mimi."

Yule mnenaji alinigeukia. Fimbo yake ilibaki juu. Wazee wa mbele waligeuka, na nikasikia neno kwamba ni mkosi kumkatiza mnenaji likipita kinywa hadi kinywa. Ndipo Mwalimu aliposimama kando yangu. Nilidhani ananivuta nje. Aliweka mkono begani kwangu, juu ya ile kola, na kusema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye miti: "Huyu ni mgeni wangu. Amesema kweli, hajazika mtu. Mimi nimezika. Nilimzika Nekesa, mtoto wangu. Amekufa. Nekesa amekufa."

Kisha yule mnenaji akaishusha fimbo, akasimika ncha yake mchangani. "Pole, Mama Nekesa," akasema. Hakuongeza kitu. Alingoja mpaka Mwalimu akae, akangoja mpaka mimi nikae, ndipo akaendelea kutembea. Mwalimu alilia mpaka mwisho wa kumuse bila kujificha. Baadaye wazee walimtoza jogoo kwa ajili yangu, na njia nzima ya kurudi Kimilili, macho yakiwa yamevimba, alinitania kwamba katika historia ya Kiswahili hakuna balagha iliyowahi kula jogoo mkubwa hivyo. Nilicheka na kulia pamoja naye. Nilimpenda siku hiyo kuliko mtu yeyote niliyekuwa nimemjua.

Kesho yake alikaa. Naam, kwenye kiti, kama watu. Akavuta ungo wa maharagwe, akasema, "Leo tunafanya tafsida. Kazi yake?"

"Kupunguza makali," nikasema.

"Ya nani?"

Alisema majirani walidhani wanampunguzia yeye, na yeye alidhani anawapunguzia wao, na kati ya adabu zote hizo mtoto wake akawa hana hata jina. "Lakini usiitupe," akasema. "Ziko siku mtu hawezi kubeba neno zima. Mpe nusu. Ila umwulize baadaye kama yuko tayari kwa ile nusu nyingine." Makochi hayakuacha kuhama, msinielewe vibaya. Yalihama mara chache zaidi. Mama Sitati alikuwa wa kwanza kumwita tena Mama Nekesa, kupitia kwa ua, kwa sauti yake yote. Mimi nilifaulu mtihani, nikaenda chuoni, nikawa kero kwa wanafunzi wangu kwa miaka mingi na lile swali moja la kazi yake ni nini. Yeye aliolewa, akahamia kwa mume, na huko hawakuwa wamemjua Nekesa, kwa hiyo akawa Mwalimu tena. Niliwahi kumwuliza kama inamuuma. "Huku nilikuja na begi moja," alisema, akaniongezea chai.

Ijumaa jioni nilimpigia Wafula mara ya mwisho. Nilimwambia aiondoe ile sentensi. Alisikitika kweli, nilimsikia. "Tumeshachapisha, Madam. Na hata nikitaka, si mimi peke yangu. Ukilitaja hilo jina hapo mbele, wazee watasema umetuanika." Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Yeye pia alikuwa anamlinda mtu. Nilizunguka sebule yangu usiku kucha na alfajiri nikajikuta nimehamisha meza.

Mazishi yalikuwa makubwa. Hema, viti vya plastiki, wanafunzi wa miaka yote wenye mvi na wasio na mvi. Wafula alisoma wasifu vizuri, na ile sentensi ikapita laini, watu wakaguna kwa huruma. Kisha mfawidhi aliyeendesha programu akaniita, akinikumbusha kwa vidole kwamba muda ni mfupi. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri. Ilikuwa na takriri mbili na mwisho wa kuliza watu. Nilitazama jeneza, na nikajua nikiisoma nitakuwa yule karani wa mlangoni, na nikitaja jina mwenyewe nitakuwa mgeni wa Kitale anayewafundisha watu kwao. Nikaikunja ile karatasi.

"Nina swali moja," nikasema. "Huyu mama, kabla hatujamwita Mwalimu, tulikuwa tukimwita nani?"

Watu walinitazama kwa upole. Kila mtu anajua kwamba msemaji akiuliza mazishini, anapumua tu kabla ya kujijibu. Sikujijibu. Nilingoja. Mfawidhi akakohoa, akasogea kuchukua kipaza sauti. Wafula alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona aibu ya Matulo inarudi, safari hii bila mkono wowote begani. Niliuliza tena. "Ninauliza kweli. Tulimwita nani?"

Nyuma, kwenye safu ya wanawake wazee, kiti cha plastiki kililia. Mama Sitati alikuwa amekuja kutoka Kimilili na fimbo yake na leso mbili, mdogo sasa kuliko nilivyomkumbuka, na alikuwa anajiinua huku akisukuma mikono ya wanaomzuia. Sauti tu ndiyo haikuwa imezeeka.

"Wewe Wambui, si unajua? Unaniamusha bule," akasema. "Huyo ni Mama Nekesa."

Mwanamke aliyeketi kando yake akaitikia, "Mama Nekesa." Na wa kando yake. Wafula akainua kichwa.